Nimepungua Kilo 39, Mbona Vipimo vya Ini Vimepanda?

Mwezi huu barua zenu zimekuwa za ini, na karibu zote zimetoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito au wanaousubiri. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake ametuma namba zake zote, jambo ambalo wasomaji wangu hulifanya kwa nadra, nami hulipenda kuliko salamu ndefu.

Barua ya kwanza

*Shikamoo Mama Daktari. Nina miaka 43. Miezi saba iliyopita nilifanyiwa upasuaji ule wa kutengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo. Nilikuwa na kilo 128, sasa nina 89. Daktari aliyenipasua alisema ini langu limejaa mafuta ila nikipungua litapona. Kabla ya upasuaji ALT ilikuwa 52 na AST 41. Miezi mitatu baada ya upasuaji zikawa 88 na 71. Juzi nimekwenda maabara mwenyewe: ALT 79, AST 68, albumini 31, chembe sahani 238, bilirubini ya kawaida. Dada yangu anasema upasuaji huu unaua ini na kuna mtu anamjua. Amenipa matone ya mitishamba ya kusafisha ini, hii ni wiki ya sita natumia. Nyama na mayai vinanichefua, naishi kwa chai, biskuti na supu nyepesi. Nywele zinatoka, miguu inavimba jioni. Kichwa kinauma karibu kila siku, nameza parasetamoli mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Kliniki nimeacha kwenda kwa sababu mtaalamu wa lishe ananigombeza. Je, ini langu linakufa?*

Marahaba, mwanangu. Kwa namba hizi, ini lako halifi. Lina njaa.

Nitaeleza, lakini kabla hujaendelea kusoma weka hayo matone mbali, na wapigie kliniki wakupe nafasi wiki hii. Usisubiri tarehe uliyopangiwa. Ukigombezwa, vumilia. Mtu wa lishe anayegombeza ana nafuu kuliko anayekuchekea huku unayeyuka.

Tuanze na dada yako, maana hakuzua. Upo upasuaji wa kupunguza uzito ulioua maini ya watu. Ulianza kufanywa mwaka 1954. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita sita hivi, ulikatwa ukaunganishwa kwa namna ambayo chakula kilipita kwenye sentimita 45 tu, na sehemu yote iliyobaki ikaachwa kando bila kazi. Watu walikonda kweli. Lakini protini haikufyonzwa, bakteria wakazaliana kwenye utumbo uliolala bure, na baadhi ya wagonjwa maini yao yakashindwa kabisa kufanya kazi. Kufikia miaka ya 1980 madaktari walikuwa wameuacha. Hofu iliyobaki midomoni mwa watu ilitokana na upasuaji huo, ila wewe hukufanyiwa huo.

Uliofanyiwa wewe, kwa walio wengi, ni dawa ya ini. Huko Lille, Ufaransa, madaktari walichukua vipande vya ini vya wagonjwa wao kabla ya upasuaji na tena miaka 5 baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kwa 84% uvimbe wa ini unaotokana na mafuta ulikuwa umekwisha, na kwa 70% makovu yalikuwa yamepungua. Nchini Italia wagonjwa 288 waligawanywa kwa kura, wengine wapasuliwe, wengine wabadilishe chakula na mazoezi wakiwa chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, waliopona uvimbe huo bila makovu kuongezeka walikuwa 56% kwa upasuaji kama wako, 57% kwa ule wa kukata sehemu ya tumbo, na 16% kwa wale wa chakula na mazoezi. Daktari wako hakukudanganya aliposema litapona.

Sasa, mbona namba zimepanda? ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ya ini ikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu. Vinakwambia kuna seli zinazoumia, basi. Havikwambii ini linafanya kazi kwa kiasi gani. Ndiyo maana namshangaa mtu anayeshika karatasi ya maabara, anaona alama moja nyekundu kwenye ALT, na kuanza kuandika wosia. Unapopungua kwa kasi, mafuta yaliyokuwa kiunoni na mapajani huyeyuka na kusafiri kwenye damu, na kituo chake kikubwa ni ini. Kwa miezi kadhaa ini hupokea mzigo kuliko linavyoweza kuutuma, na vimeng'enya hupanda. Kwa wengi huteremka vyenyewe kadiri kasi ya kupungua inavyotulia. Kama ungeniandikia ALT 88 ya mwezi wa tatu peke yake, ningekujibu kwa mistari miwili na kukuambia urudie kipimo.

Kilichonifanya niandike kirefu ni albumini 31. Ya kawaida huanzia 35. Albumini hutengenezwa na ini, na malighafi yake ni protini unayokula. Iweke hiyo 31 pamoja na miguu inayovimba, nywele zinazotoka, chai na biskuti, na kilo 39 ndani ya miezi saba, nami picha naipata. Huli protini ya kutosha.

Hapo ndipo wengi hushangaa: ukosefu wa protini wenyewe hujaza mafuta kwenye ini. Mtazame mtoto mwenye unyafuzi. Amekonda mikono, miguu imevimba, na ini lake ni kubwa, limejaa mafuta, ingawa huenda hajaonja kitu cha mafuta kwa wiki nyingi. Ini huyatoa mafuta likiwa limeyafunga ndani ya protini. Protini ikikosekana linakuwa bohari lenye shehena tele lisilo na magunia: bidhaa zinaingia kila siku na hakuna kinachotoka. Sisemi una unyafuzi. Nasema umeshika njia inayoelekea huko, na ukiendelea nayo ini litaharibika kwa sababu ambayo haikuwepo ulipokuwa na kilo 128.

Kwa hiyo kula. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu anahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na wengine zaidi. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, gramu 100 za samaki aliyepikwa ni kama 20 na ushei, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Piga hesabu ya biskuti zako uone unafika wapi. Nyama kukuchefua ni kawaida baada ya upasuaji huu, hasa nyama kavu iliyochomwa. Jaribu laini: samaki aliyechemshwa, maziwa ya mgando, mayai yaliyovurugwa yakabaki na unyevunyevu, maharage yaliyopondwa. Kula mara tano au sita kidogo kidogo, na katika kila mlo anza na chenye protini kabla hujagusa kingine, kwa sababu kifuko chako kinajaa upesi na kitakachoingia mwisho hakitapata nafasi. Usinywe pamoja na chakula; ngoja nusu saa. Kama bado inashindikana, kliniki watakupa protini ya unga ya kuchanganya kwenye maziwa. Na kama kwa kweli unatapika kila siku, hiyo ni habari nyingine. Huenda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo pamebana, na panapaswa kuangaliwa kwa kamera.

Kuhusu matone. Ini halina uchafu wa kusafishwa. Lenyewe ndilo linalosafisha damu yako. Chupa uliyonayo sijui ina nini ndani, wewe hujui, na naamini aliyekuuzia naye hajui. Ninachojua ni kwamba dondoo la chai ya kijani lililokolezwa, linalopenda kuingizwa kwenye dawa za kupunguza mwili na za kusafisha ini, limeharibu maini ya watu wengi na jambo hilo limeandikwa vizuri kwenye vitabu vya tiba. Vidonge vya manjano yaliyokolezwa vivyo hivyo (siyo manjano ya kupikia, hayo endelea nayo). Umekunywa matone kwa wiki sita na ALT bado 79. Huenda hayahusiki. Lakini yakiwepo, daktari yeyote atakayekupima hatajua anatibu nini. Chupa uende nayo kliniki, pamoja na karatasi yake.

Parasetamoli sita kwa siku, ikiwa ni za miligramu 500, ni gramu 3. Kwa mtu aliyeshiba hicho ni kiasi kinachovumilika, kwani kikomo cha mtu mzima ni gramu 4. Kwako ni nyingi. Ini huiondoa sumu ya dawa hii kwa kutumia kinga linayoitengeneza kutokana na protini, na tumekwisha kuona akiba yako ilivyo. Isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne, na kwa siku chache tu mpaka uonane na daktari. Wala usikimbilie ibuprofeni au diklofenaki, maana kwa upasuaji wako hizo huleta vidonda pale palipounganishwa. Cha maana ni kujua kichwa kinauma kwa nini. Mimi ningeanza na maji (unafikisha lita moja na nusu?), kisha upungufu wa damu, kisha shinikizo la damu.

Ukifika kliniki omba warudie vipimo vyote vya ini, waongeze GGT (kimeng'enya kingine cha ini) na uwezo wa damu kuganda, wapime mkojo kama unapoteza protini, kwa sababu miguu inayovimba inaweza kutokana na figo au moyo. Omba vitamini B1, B12 na D, madini ya chuma na zinki. Kama hukuwahi kupimwa virusi vya homa ya ini aina ya B na C, vipimwe sasa. Ultrasaundi ya ini na kifuko cha nyongo pia. Na muulize aliyekupasua kama alichukua kipande cha ini siku ile. Wapo wapasuaji wanaochukua, majibu yakaingia kwenye faili, na mgonjwa asiambiwe.

Juu ya makovu: kuna hesabu inayotumia umri, AST, ALT na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda). Nimekupigia, umepata 1.38. Chini ya 1.3 hatuna wasiwasi mkubwa, juu ya 2.67 tunachunguza kwa haraka. Wewe umegusa tu mstari wa kwanza, na hesabu hii huyumba vimeng'enya vinapopanda kwa sababu ya kukonda. Chembe sahani 238 ni habari njema. Kwa mwenye makovu mengi mara nyingi hushuka chini ya 150. Omba upimwe ugumu wa ini kwa mashine ya mawimbi vimeng'enya vikitulia.

Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi, tumbo likijaa maji, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usiende kliniki. Nenda hospitali, sehemu ya dharura.

Barua ya pili

*Habari za kazi, Daktari. Miaka miwili iliyopita nilikatwa sehemu kubwa ya tumbo. Nina miaka 38, nimetoka kilo 141 hadi 94. Zamani bia nne hazinifanyi kitu, siku hizi glasi moja inanipanda kichwani. Sinywi sana, ni jioni tu ili nipate usingizi. Nimepima: AST 96, ALT 44, GGT 210. Nimeambiwa ni mafuta kwenye ini. Mafuta gani tena wakati nimekonda?*

Nzuri, ndugu yangu. Kwenye ini la mafuta yatokanayo na unene, ALT kwa kawaida huwa juu ya AST. Kwako AST ni zaidi ya mara mbili ya ALT, na GGT imepaa. Umeniandikia kwamba hunywi sana. Damu yako imeniandikia tofauti, na mimi huiamini damu.

Sikuhukumu, nakueleza kilichotokea. Upasuaji wako huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi. Kilichobaki ni mrija mwembamba usiokaa na kitu kwa muda mrefu. Pombe inateremka haraka kwenye utumbo, inaingia kwenye damu kwa mkupuo, na ini linaipokea kabla halijajiandaa. Ndiyo maana glasi moja inakupanda. Halafu inashuka haraka, na mtu hutafuta ya pili. Chakula kilikuwa faraja, nacho hakiingii tena kama zamani. Pombe inaingia bila shida.

Si wewe peke yako. Hospitali 10 za Marekani zilifuatilia karibu watu 2,000, na matokeo yalitoka mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla ya upasuaji wenye tatizo la pombe walikuwa 7.6%. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji hapakuwa na ongezeko. Mwaka wa pili wakafika 9.6%. Wengi wao walikuwa wamefanyiwa ule upasuaji wa kuunganisha utumbo, lakini tabia ya mwaka wa pili naiona hata kwa wenye upasuaji kama wako: kliniki zimepungua, pongezi zimekwisha, na uzito umegoma kushuka.

Ushauri wangu ni kuacha kabisa, si kupunguza. Ila usiache ghafla peke yako kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka. Kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta degedege, na watu hufa. Mwambie daktari kiasi halisi, hata kama ni aibu, apange namna ya kukuachisha. Aanze pia kukupa vitamini B1, maana pombe na tumbo dogo vikikutana vitamini hiyo huisha, na ubongo ndio unaolipa: mtu huanza kuyumba, macho yanacheza, kumbukumbu zinapotea. Usingizi utarudi. Wiki za kwanza zitakuwa ngumu, nakubali.

Barua ya tatu

Hii niliijibu kwa simu siku ileile ilipofika, lakini naichapisha kwa ajili ya wengine. Bwana mmoja aliandika kwamba mkewe, miezi tisa baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, anashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia akila vyenye mafuta, yanapanda hadi bega. Wiki hiyo macho yalikuwa manjano kwa siku mbili, mkojo ukawa kama chai ya rangi, kisha vikapita. *Tusubiri au twende?*

Nenda. Kupungua kwa kasi huifanya nyongo ijae kolesteroli na kuganda kuwa mawe. Karibu theluthi moja ya waliofanyiwa upasuaji kama huu hupata mawe, ingawa wengi wao hawasikii chochote. Jiwe likitoka kwenye kifuko na kuziba mrija, nyongo hurudi kwenye ini. Kupita kwa manjano hakuna maana jiwe limeondoka, huenda limesogea tu. Na homa na kutetemeka vikiongezeka, hiyo ni mirija iliyooza kwa maambukizi, na tunahesabu saa.

Jambo moja ambalo mgonjwa lazima alitamke mwenyewe akifika: amefanyiwa upasuaji gani. Kwa kawaida jiwe la mrija hutolewa kwa kifaa kinachopita mdomoni hadi mwanzo wa utumbo. Kwake njia hiyo imebadilishwa, kifaa cha kawaida hakifiki, na inabidi kupanga njia nyingine. Daktari wa zamu asiyejua atapoteza muda.

Kwa mliofanyiwa upasuaji karibuni na bado mna kifuko cha nyongo, ulizeni kuhusu dawa ya asidi ya ursodeoksikoliki. Ikitumiwa miezi 6 ya mwanzo hupunguza sana mawe. Wengi huandikiwa, wakaiacha mwezi wa pili kwa kuwa hawaumwi.

Barua ya nne

*Mama Daktari, nimepangiwa upasuaji mwezi ujao. Naambiwa wiki mbili kabla nile kalori 800 hadi 1,000 tu kwa siku. Kwa nini nijitese ilhali tumbo lenyewe litakatwa?*

Kwa sababu ya ini. Upande wake wa kushoto umelala juu ya tumbo, na mpasuaji lazima auinue ili afike anapotaka. Ini lenye mafuta ni kubwa, zito, na huchanika kirahisi likishikwa. Wiki mbili za kujinyima huyapunguza mafuta hayo na ini husinyaa kiasi cha kumpa nafasi ya kuona. Usipofuata, upasuaji unaweza kuahirishwa ukiwa tayari mezani, tena nadhani mpasuaji atakuwa na haki.

Lakini kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari, usianze chakula hicho kabla daktari hajapunguza dozi. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ileile, sukari itaanguka, na mara nyingi huanguka usiku.